Nina miaka 68 na bado niko kazini Marekani: pensheni yangu yaweza kuanza kulipwa sasa, au mpaka niache?

#1 BintiPangani

Salaam wakuu. Naombeni msaada, hasa ninyi mliokaa Marekani muda mrefu.

Niko Houston, msaidizi wa wauguzi hospitali moja kubwa tangu 2000. Hospitali yetu ina ile pensheni ya zamani, unalipwa kila mwezi mpaka Mungu akuchukue. Siyo 401(k), ile akaunti ya akiba ya mfanyakazi. Umri wa kustaafu kwenye mfuko wetu ni 65. Mimi nilitimiza 65 Juni 2022, lakini sikuacha. Nguvu nilikuwa nazo, na Pangani nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta. Nikasema nipige tena miaka mitatu.

Sasa wiki iliyopita tuko chumba cha chakula, mwenzangu mmoja wa jikoni, ana 66, akaniambia yeye anakula mshahara na pensheni juu yake. Mwajiri yule yule! Mimi kila nikipiga simu HR jibu ni moja: mpaka uache kazi.

Karatasi ya makadirio niliyopewa 2022 ilisema ningeanza wakati ule ningelipwa dola 1,140 kwa mwezi. Juzi usiku nikapiga hesabu kwenye simu, 1,140 mara miezi 36. Ikaja 41,040. Nimeitazama ile namba mpaka kioo cha simu kikazima.

Je, sheria inakataza kuchukua pensheni ukiwa bado unafanya kazi? Na hizo za miaka mitatu zimekwenda, au zimewekwa mahali zinanisubiri?

#2 Ngalawa

Shikamoo mama. Mama yangu naye ana 66, yuko Atlanta, hataki hata kusikia neno kustaafu. Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi.

#3 KobeWaOhio

Haiwezekani hiyo. Pensheni ni ya mstaafu, na wewe hujastaafu. Huyo wa jikoni nadhani anachukua Social Security, yale malipo ya uzeeni ya serikali, halafu anaiita pensheni. Watu wengi hapa huchanganya hivyo viwili. Muulize hundi inatoka kwa nani: serikalini au kwenye mfuko wa hospitali?

#4 MizaniMpls

Mama, shikamoo. Mimi ni mhasibu, niko Minneapolis. Wazee wetu huniletea makaratasi ya aina hii kila msimu wa kodi.

Kobe, swali la hundi ni zuri, ila hilo la "haiwezekani" hapana. Mfuko wa pensheni wa kila mwezi unaruhusiwa kumlipa mtu aliyefikia umri wa kustaafu wa mfuko huo hata kama yuko kazini. Kwa wale ambao hawajaufikia, sheria ya 2006 ilifungua mlango kwa wenye miaka 62, na sheria iliyopitishwa Desemba 2019 ikaushusha umri huo mpaka 59 na nusu. Kwa hiyo mtu wa 68 serikali haina ugomvi naye.

Tatizo liko kwenye neno "unaruhusiwa". Mfuko unaruhusiwa, haulazimishwi. Kila mwajiri ana kitabu chake cha kanuni, na kama kitabu kinasema mpaka uache kazi, HR hawajakudanganya. Mama, una ule muhtasari wa mfuko? Kijitabu hivi, wengi hukitupa siku ile ile wanapopewa.

#5 BintiPangani

Marahaba wanangu. Kijitabu ninacho, kiko kwenye begi la vyeti vya watoto. Nitakitafuta Jumapili, leo na kesho niko zamu.

#6 MzeeKijiti

Mimi nina jibu jepesi zaidi. Huyo wa jikoni ana 401(k), basi. Nilikuwa kiwandani Indiana, nilipofika 59 na nusu nikaruhusiwa kuchota 401(k) yangu nikiwa bado kwenye mashine. Hakuna faini ya asilimia 10 ukishapita umri huo. Walinikata kodi asilimia 20 palepale, lakini zilizobaki nikanunua shamba Korogwe. Hospitali nyingi zilifunga pensheni ya zamani kwa wafanyakazi wapya, kwa hiyo mnaweza kuwa jengo moja na mifuko miwili tofauti. Yeye aliajiriwa lini?

#7 DadaZamu

Naona hamjaigusa njia ambayo sisi wauguzi tunaijua. Mtu anastaafu rasmi, anaanza kulipwa pensheni, halafu anarudi hospitali ile ile kupitia wakala wa zamu. Beji mpya, wodi ile ile. Kwenye karatasi mwajiri wake ni wakala. Dallas nawajua watatu. Mama, mchunguze beji mwenzako.

#8 KobeWaOhio

DadaZamu hiyo si ndiyo inaitwa kuchezea serikali?

#9 MizaniMpls

Inategemea imefanyikaje. Ukiaga Ijumaa huku mmekubaliana na bosi kwamba Jumatatu unarudi, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanasema hapo hukuacha kazi, na anayeweza kuumia ni mfuko mzima, maana unaweza kupoteza hadhi yake ya kodi. Ndiyo maana mifuko mingi huweka muda wa kukaa nje kwanza. Mtu aliyeacha kweli, akakaa, kisha akaitwa, huyo hana neno. Ila kama umri wa kustaafu wa mfuko umeshaupita na kanuni zinaruhusu kulipwa ukiwa kazini, hata huo mzunguko huna haja nao.

#10 FundiWaya

Naomba niongee kwa uchungu kidogo.

Mimi fundi umeme, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, jimbo silitaji. Nilistaafu mapema, nikiwa na 58, mgongo ulikuwa unanisumbua. Mfuko wetu ni wa waajiri wengi pamoja. Nikakaa nyumbani miezi mitano nikichungulia dirishani. Rafiki akaniita tukafunge nyaya kwenye jengo la maduka, wiki sita tu. Nikaenda. Sikumuuliza mtu.

Barua ikaja: umerudi kwenye fani ile ile, jimbo lile lile, pensheni imesitishwa, na miezi uliyolipwa huku unafanya kazi utairudisha. Wakaikata kidogo kidogo kwenye malipo yaliyofuata. Mke wangu alikuwa anafungua bahasha kila mwezi, anaangalia namba, anaiweka mezani bila kusema kitu. Ule ukimya siusahau.

Angekuwa mtu ameniambia mapema kwamba ningeweza kuendesha basi la shule, au kuuza rangi dukani, na pensheni ikaendelea bila shida! Waliozuia walizuia fani yangu, hawakuzuia kazi zote. Kwa hiyo jamani, kabla ya kugusa spana, andika barua kwa mfuko, uulize, na usubiri jibu la maandishi.

#11 Ngalawa

Pole sana kaka. Hiyo ya basi la shule nimeinakili.

#12 MizaniMpls

FundiWaya ametuletea jambo kubwa kuliko anavyodhani. Kwa walio chini ya umri wa kustaafu mfuko unaweza kuwa mkali hivyo. Ukishafika umri wenyewe, mara nyingi 65, mkono wake unafungwa. Kwenye mifuko iliyo chini ya ERISA, ile sheria ya Marekani inayolinda pensheni za kazini, pensheni ya mtu wa umri huo inaweza kusitishwa tu kwa mwezi ambao amefanya kazi saa 40 au zaidi, au kipimo cha siku kinacholingana na hicho. Kwa mfuko wa mwajiri mmoja ni kazi kwa mwajiri huyo. Kwa mifuko ya vyama ni sekta ile ile, fani ile ile na eneo lile lile.

Na lazima wakutumie taarifa ya maandishi, mkononi au kwa posta, ndani ya mwezi wa kwanza wanaokuzuilia malipo. Mama, hiyo barua uliipata?

Kuhusu zile 41,040. Kama walikutaarifu sawasawa, miezi hiyo imekwenda, haikuwekwa mahali. Hawakukutaarifu, una pa kusimamia: ama wakulipe, ama waiongeze pensheni yako kufidia muda uliosubiri.

#13 DadaZamu

Subiri kwanza. Saa 40 kwa MWEZI? Sisi zamu ni saa 12. Zamu tatu ni saa 36. Kwa hiyo mama akihamia kwenye orodha ya wanaoitwa kwa mahitaji, akafanya zamu tatu tu kwa mwezi, pensheni inafunguka?

#14 MizaniMpls

Kama mfuko wake unatumia kanuni hiyo ya saa 40, ndiyo. Lakini kuna mifuko isiyotumia usitishaji kabisa. Inakwambia subiri mpaka uondoke, na ukiondoka inakupa pensheni iliyokuzwa kwa ajili ya ule muda. Huko zamu tatu hazisaidii kitu. Tusome kijitabu kwanza, dada.

#15 KobeWaOhio

Mbona mnaongea kama mama kaibiwa? Miaka hiyo mitatu ameendelea kuhesabiwa utumishi. Alikuwa na 22, sasa ana 25. Pensheni imekua.

#16 MizaniMpls

Tupige hesabu basi. Dola 1,140 kwa miaka 22 ni kama dola 52 kwa kila mwaka wa utumishi. Miaka mitatu ni nyongeza ya dola 155 kwa mwezi, kama mfuko haujagandishwa, yaani miaka mipya bado inahesabiwa, na kama mshahara haukupanda. Kuzirudisha 41,040 kwa nyongeza ya 155 kunataka miezi 265. Ni miaka 22. Mama atakuwa na 90.

#17 KobeWaOhio

Mshahara ulipanda lakini. Na mshahara wa miaka mitatu kaupata, tusisahau. Tena bima ya mwajiri. Mimi nasimamia pale pale, kusubiri si hasara kwa kila mtu. Jirani yangu ameacha na 62 na sasa anahesabu vidonge.

#18 Mwalimu_Voi

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nilifundisha Taita miaka 19 kabla ya kuja Maryland, na nina pensheni ndogo ya serikali ya Kenya. Kwa miaka kadhaa Social Security yangu ilikatwa kwa sababu ya pensheni hiyo ya nyumbani, maana kule sikuchangia mfuko wa Marekani. Sheria hiyo ya makato ilifutwa, Rais Biden akatia saini tarehe 5 Januari 2025, na marekebisho yakahesabiwa kuanzia Januari 2024. Nawaomba wote wenye pensheni za Kenya au Tanzania mwangalie kama malipo yenu yamerekebishwa. Na kama kuna mzee aliyekata tamaa zamani, akaacha kabisa kuomba, mwambieni aombe leo.

Kwa mama wa Pangani: usiogope kwamba ukichukua pensheni ya hospitali watakukata Social Security. Wanaangalia mshahara tu, tena kwa aliye chini ya umri kamili wa Social Security. Kwa mwaka 2025 kikomo kiliwekwa dola 23,400, ukizidisha wanashika dola 1 kwa kila 2. Wewe uliyezaliwa 1957 umri wako kamili ulikuwa 66 na miezi 6. Umeshapita.

#19 MzeeKijiti

Na juzi si wamesema Social Security haitozwi kodi tena?

#20 MizaniMpls

Mzee wangu, hapana. Sheria ya 2025 imetoa punguzo la dola 6,000 kwenye kipato kinachotozwa kodi kwa kila mwenye miaka 65 na zaidi, mpaka 2028, na linapungua kadiri kipato kinavyopanda. Kodi ya Social Security yenyewe ipo. Mama akiweka pensheni juu ya mshahara, inawezekana asilimia 85 ya Social Security yake ikaingia kwenye hesabu ya kodi. Heri yake yuko Texas, hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Sisi Minnesota tunaijua shughuli.

#21 MamaSalma

Kuna kitu kimoja mmekiruka. Ukiwa na mume au mke, huchagui aina ya malipo peke yako. Mfuko unaanza na malipo ambayo mmoja akifa mwenzake anaendelea kupata sehemu. Ukitaka kubwa zaidi inayoishia kwako, au mkupuo, mwenzako lazima akubali kwa saini mbele ya shahidi rasmi.

Mume wangu alitaka mkupuo mwaka jana. Mimi wakati huo nilikuwa Tanga namuuguza mama. Nilipanda basi alfajiri mpaka Dar, ubalozi wa Marekani pale Msasani, na fomu kurasa nne kwenye bahasha. Njiani nikaisoma yote. Tulipofika Chalinze nikampigia: baba Salma, mimi hii sisaini, tuchukue ya kila mwezi. Tulizozana mpaka Kibaha. Mwisho akakubali, nikashukia Mbezi, nikalala kwa dada, kesho nikarudi Tanga na bahasha yangu. Mtu na mumewe wakae waongee kabla ya kuagiza fomu.

#22 Ngalawa

Mama Salma, hapo Chalinze ulimwachia hata kula mishikaki kwa amani? 😄

#23 MamaSalma

Mishikaki nilikula mimi, yeye alikuwa Ohio na simu yake.

#24 Rusizi_Phoenix

Mimi ni wa Bukavu, tuko Phoenix. Baba yangu ana 74 na bado anafanya usafi kwenye shule. Akaambiwa na rafiki kwamba anayefanya kazi hashurutishwi kutoa pesa kwenye akiba yake ya uzeeni akifika 73. Akakaa kimya. Kumbe alikuwa na IRA, akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, iliyotoka kwa mwajiri wake wa zamani. Tukaletewa suala la faini. Rafiki alikosea wapi?

#25 MizaniMpls

Alisema nusu. Kuanzia 2023 umri wa kulazimishwa kutoa ni 73, na waliozaliwa 1960 au baadaye watasubiri mpaka 75. Anayefanya kazi anaweza kuahirisha kwa mfuko wa mwajiri wake WA SASA tu, kama mfuko unakubali na kama yeye si mmiliki wa zaidi ya asilimia 5 ya kampuni. IRA haijui kama unafanya kazi. Mfuko wa mwajiri wa zamani nao haujui.

Faini ilikuwa asilimia 50, sasa ni 25, na ukirekebisha ndani ya muda wa miaka miwili inashuka mpaka 10. Mtoeni kiasi kilichokosekana haraka, kisha jazeni fomu 5329 na maelezo ya kweli ya ilivyotokea. IRS wana mamlaka ya kuisamehe yote. Na kama shule ina mfuko unaopokea fedha za IRA, baba anaweza kuhamishia huko zilizobaki, ziingie kwenye ule ulinzi wa anayefanya kazi. Kiasi cha lazima cha mwaka huo kitolewe kwanza.

#26 Rusizi_Phoenix

Asante sana. Naenda kwa baba sasa hivi.

#27 BintiPangani

Wanangu, nimerudi. Nimelala saa nne, nimeamka, nimemwaga begi lote kitandani.

Barua ipo. Ukurasa mmoja, ulikuwa katikati ya cheti cha ubatizo cha mjukuu na risiti za saruji. Inasema malipo yangu yamesitishwa kwa kila mwezi nitakaofanya kazi saa 40 au zaidi. Kwa hiyo DadaZamu, zamu tatu zako zina mashiko. Lakini tarehe ya barua ni 12 Septemba 2022. Mimi nilitimiza 65 Juni.

Na yule wa jikoni nimemuuliza. Aliajiriwa 1994, hundi inatoka kwenye mfuko wa hospitali, siyo Social Security. Jikoni kulikabidhiwa kampuni ya nje miaka miwili iliyopita. Mshahara wake sasa unatoka kwa kampuni hiyo.

#28 DadaZamu

Si niliwaambia muangalie beji!

#29 MizaniMpls

Basi huyo aliacha kazi kwa mwajiri wa mfuko bila hata kuhama jiko. Kitendawili kimoja kimetoka.

Mama, tarehe hiyo ni dhahabu. Ilipaswa ifike mwezi wa kwanza wa kuzuiliwa. Mimi nasema Julai, Agosti na angalau siku kadhaa za Septemba hazikuwa na taarifa. Miezi mitatu ni dola 3,420. Andika barua ya madai, wana siku 90 za kujibu. Omba pia kitabu kamili cha kanuni kwa maandishi, wana siku 30. Wakikukwepa, Wizara ya Kazi ina ofisi ya EBSA inayosaidia wafanyakazi bila malipo.

#30 KobeWaOhio

Mimi nasema watajibu kwamba muhtasari ulishaeleza jambo hilo miaka yote. Lakini andika mama. Hapo niko nawe.

#31 BintiPangani

Nimeandika. Binti yangu kaichapa, leo asubuhi nimeituma kwa rejista, risiti ninayo.

#32 MpitaNjia57

Nimesoma uzi wote, swali moja tu. Hospitali hiyo ni ya nani? Kama ni ya kanisa, pensheni yake inaweza kuwa nje ya ERISA. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hivyo 2017 kwa mifuko ya hospitali zenye uhusiano na kanisa. Hapo hayo ya barua ya mwezi wa kwanza na saa 40 yanabaki kuwa kama mfuko wenyewe ulivyoandika.

#33 MizaniMpls

Ni kweli, na nilipaswa kuuliza mwanzo. Isipokuwa mfuko uwe umechagua wenyewe kuingia ERISA. Mama, kwenye kurasa za mwisho za kijitabu tafuta sehemu inayoeleza haki zako chini ya sheria hiyo. Ipo?

#34 BintiPangani

Msalaba upo juu ya mlango wa dharura, napita chini yake kila siku. Kijitabu kiko kitandani nyumbani, na mimi niko zamu mpaka saa 1 asubuhi. Nikifika nitafungua kurasa za mwisho, niwaandikie.